Mashine Kuukuu Si Chuma Chakavu

Kuna hukumu inayotolewa upesi mno kila inapotajwa mashine ya kukereza vyuma iliyoundwa miaka ya 1940 au 1950. Hukumu hiyo husema: imekwisha. Reli zimelika, gia zinapiga kelele, ulimwengu umehamia kwenye mashine za kompyuta, basi iliyobaki ni kuikata vipande, kuiweka kwenye mizani na kuipeleka tanurini. Anayeichukua akaipeleka nyumbani, akaifungua, akaisafisha na kuipima upya, huhesabiwa kuwa mtu aliyekosa shughuli. Maneno haya husemwa na wanunuzi wa vyuma, na wakuu wa karakana wanaotaka nafasi, na wauzaji wa mashine mpya ambao faida yao iko wazi. Siku hizi husemwa hata na mafundi, na hapo ndipo yanapouma, kwa sababu fundi ana geji mfukoni na angeweza kuyapima kabla ya kuyarudia.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba usahihi ni kitu ambacho kiwanda hukimimina ndani ya mashine siku inapozaliwa, kisha kikavuja kidogo kidogo mpaka kikaisha. Historia ya mashine hizi inasema vingine. Henry Maudslay, fundi wa London aliyeunda kerezo la kukatia hesi lenye mwili wa chuma mwishoni mwa karne ya 18, hakuwa na kerezo bora zaidi la kutengenezea lake. Halikuwapo. Usahihi aliopata ulitoka kwenye tupa, kikwangulio, mabamba ya kulinganishia na macho ya wafanyakazi aliowafunza wasiridhike upesi. Joseph Whitworth, aliyepita katika karakana hiyo akiwa kijana, aliieleza njia ya kupata ubapa wa kweli mbele ya wanasayansi wa Uingereza waliokutana Glasgow mwaka 1840, na njia yenyewe haihitaji hata umeme.

Chukua mabamba mawili ya chuma. Lipake moja rangi ya buluu, nyembamba sana, kisha lisugue juu ya la pili. Rangi inapohamia ndipo palipoinuka, pakwanguliwe. Rudia hadi mabamba yagusane kila mahali. Bado hakuna uhakika, maana huenda moja lina kitumbo na jingine lina bonde linalolingana nacho. Sasa leta la tatu. Likilingana na la kwanza, likalingana na la pili, na yale mawili yakilingana yenyewe kwa yenyewe, haiwezekani yote matatu yawe na kitumbo wala yote matatu yawe na bonde. Yatakuwa bapa, na ubapa huo umepatikana bila kuazima kipimo kutoka mahali pengine popote.

Huu ndio msingi wa mabishano yote. Ikiwa uso ulio sawa ulipatikana kwa mkono mara ya kwanza, hakuna kinachozuia upatikane kwa mkono mara ya pili, kwenye kitanda kile kile cha chuma, miaka 70 baadaye. Mkwanguo mmoja wa fundi mzuri huondoa maikroni chache tu za chuma. Vijishimo vinavyobaki katikati ya alama hushika mafuta, ndiyo maana uso uliokwanguliwa huteleza vizuri kuliko uso unaong'aa kama kioo. Mbinu hii haijafa wala si ya makumbusho: watengenezaji wa mashine za gharama kubwa kabisa wangali wanawalipa watu wakwangue nyuso kwa mkono.

Lakini reli zimelika, watasema. Zimelika wapi, na kwa kiasi gani? Mwenye kuhukumu kwa jicho hana jibu. Kazi nyingi za kukereza ni fupi, kwa hiyo kibebeo cha kisu hutembea zaidi karibu na kichwa cha mashine, na hapo ndipo reli hulika. Ncha ya pili ya kitanda hubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo ni bahati kubwa kwa mkarabati, kwa sababu sehemu isiyoguswa humpa mahali pa kuanzia kupima.

Anayepitisha kidole juu ya reli akahisi kingazi hushtuka na kukata tamaa. Afadhali angepiga hesabu kwanza. Tuseme kipande kinachokerezwa kina kipenyo cha milimita 20, na reli imelika kiasi kwamba kisu kimeshuka wima kwa milimita 0.1, kiasi ambacho kidole hukihisi bila shida. Kanuni ya pembetatu mraba, ile ya shuleni, inaonyesha kwamba nusu kipenyo kitatoka milimita 10 hadi 10.0005. Kipenyo kizima kimeongezeka kwa elfu moja ya milimita. Sasa kisu hicho hicho kisogezwe milimita 0.1 kwa mlalo badala ya wima: kipenyo kitabadilika kwa milimita 0.2, yaani mara 200 zaidi. Ulikaji unaotisha macho mara nyingi hauna madhara, na ule wenye madhara hauonekani kwa macho hata kidogo.

Jambo hili lina mpaka wake na lazima usemwe. Kwenye vitanda vyenye reli za mgongo wa pembe, kama vya makerezo ya South Bend ya Indiana, reli ikilika upande mmoja kibebeo huinama na kukivuta kisu kwa mlalo pia. Ndiyo sababu mashine hupimwa. Hapa kuna jaribio ambalo kila mwenye kerezo anaweza kulifanya alasiri moja: kishikwe kipande kinene cha chuma kwenye taya, bila kukiegemeza kwenye kichwa cha nyuma, kiachwe na pete mbili zilizo mbali mbali, kisha pete zote mbili zikatwe bila kugusa gurudumu la kina. Maikromita itasema tofauti ya vipenyo vyake. Mara nyingi tofauti hiyo haitokani na ulikaji kamwe. Inatokana na mashine kufungwa kwenye sakafu au meza isiyo sawa, ikajipinda kama vile chuma chochote kirefu kinavyojipinda kikibanwa vibaya. Pimamaji nzuri na vipande vyembamba vya bati chini ya mguu mmoja vimerudisha heshima ya mashine nyingi zilizokwisha kuhukumiwa.

Mwaka 1927 Profesa Georg Schlesinger wa Berlin alichapisha utaratibu wa kupima mashine za kukatia chuma: shafti kuu inayumba kwa kiasi gani, kichwa cha nyuma kimelingana vipi na cha mbele, uso unaokatwa unatoka bapa au vipi. Miaka michache baadaye Schlesinger, aliyekuwa Myahudi, alilazimika kuihama Ujerumani ya Wanazi na hatimaye akafika Uingereza, lakini utaratibu wake ulibaki kuwa msingi wa vipimo vinavyotumika mpaka leo. Katika vipimo vyote hivyo hakuna mahali panapouliza mashine iliundwa mwaka gani.

Hoja ya pili ya wapinzani ina nguvu zaidi: kwa nini kuhangaika, ilhali mashine ndogo mpya inapatikana kwa bei ya chini, ikiwa na rangi safi na cheti cha dhamana? Jibu linategemea bei hiyo imepatikanaje. China inaunda mashine bora zinazoshindana na za yeyote, na si haki kulitupia taifa zima lawama za bidhaa za daraja la chini. Lakini yale makerezo madogo ya mezani, yenye uzito wa kilo 40 hivi, yanayouzwa chini ya majina mengi huku mwili ukiwa ule ule, yamefikia bei yake kwa kupunguza chuma na kupunguza saa za fundi. Mnunuzi hulifungua kasha, huosha grisi ya safari, hupiga tupa kingo zenye makali, hurekebisha vibanio vya kibebeo ambavyo havikulainishwa, na wengine hubadilisha beringi za shafti kuu kabla ya kukata chochote cha maana. Kwa maneno mengine, amenunua kazi ya ukarabati. Tofauti ni kwamba anakarabati kitu chepesi.

Uzito una maana yake. Chuma cha kusubu cha rangi ya kijivu kina vipande vidogo vya kaboni ndani yake, navyo hunyonya mtetemo ambao chuma kingine kingeupitisha hadi kwenye kisu. Kisu kikitetemeka, uso wa kazi hutoka na mawimbi na ncha huvunjika. Wahandisi wa kampuni za Colchester na Harrison walioyaundia makerezo yao vitanda vinene hawakuwa wakiwafurahisha wabeba mizigo. Chuma kile kingali pale. Kitu pekee kilichoondoka ni tabaka jembamba kuliko karatasi, tena sehemu moja tu.

Viwanda vikubwa vinalijua hili, na vimekuwa vikilitenda huku mitaani watu wakiambiwa ni mchezo. Kampuni ya Monarch ya mji wa Sidney, Ohio, ilianza kuuza kerezo lake mashuhuri la 10EE mwaka 1939. Miongo mingi baadaye kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikiwapokelea wateja mashine hizo za zamani, kuzivua mpaka kwenye chuma, kuzisawazisha na kuwarudishia. Mteja wa kiwanda hatumii fedha kwa ajili ya kumbukumbu za ujana. Hufanya hivyo kwa sababu kitanda na kichwa vilivyokwisha kuwapo vina thamani, na kuvitengeneza upya kutoka mwanzo kungegharimu zaidi.

Kuhusu mashine za kompyuta, hapa mabishano huchanganya kazi mbili. Anayetaka vipande 500 vinavyofanana asipoteze muda na gurudumu la mkono. Kompyuta itamshinda kila mtu. Lakini kazi ya karakana ndogo haiko hivyo. Inaingia shafti ya mashine ya kusaga iliyochakaa penye beringi, au bushi ya trela, au pampu ambayo kiwanda chake kilishafungwa. Kila kazi ni moja na haitarudi. Kabla mwenye kompyuta hajamaliza kuandika programu, kufunga visu na kuweka sifuri zake, mwenye kerezo la mkono amekwisha kata, amepima na ameanza kupaka mafuta. Tena ubongo wa mashine ya kompyuta huzeeka upesi kuliko mwili wake. Bodi ya umeme ya miaka ya 1980 ikiungua na mtengenezaji akiwa ameacha kuiunda, tani mbili za chuma kizuri husimama kimya. Gia za mwaka 1950 hazina siri ya namna hiyo: jino lililovunjika huhesabiwa, huchongwa, na kazi huendelea.

Na vipuri? Huu ndio wasiwasi wa kila anayefikiria kununua, na ndio wasiwasi wenye majibu mengi kuliko wengi wanavyodhani. Mkia wa keekee uitwao Morse ulibuniwa Marekani katika karne ya 19, na namba zake hazijabadilika. Keekee ya mkia namba 2 iliyonunuliwa mjini wiki hii itaingia kwenye kichwa cha nyuma cha mashine iliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Beringi za gololi zina vipimo vya dunia nzima: 6205 ina tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha 52, iwe imetoka Uswidi, Japani au India. Mashine ya kuchonga ya Bridgeport, iliyozaliwa Connecticut miaka ya 1930 kwa kazi ya Rudolph Bannow, ilinakiliwa na viwanda vingi mno kiasi kwamba sehemu zake zinaendelea kuundwa mpaka leo. Kampuni ya makerezo ya Myford, ya Beeston karibu na Nottingham, ilifunga kiwanda chake mwaka 2011, lakini jina na vipuri vyake vilinunuliwa na havikupotea.

Vile visivyopatikana dukani hutengenezwa, na hapa kerezo lina sifa ambayo mashine nyingine nyingi hazina: linaweza kujitengenezea sehemu zake. Nati ya shaba nyeusi inayosukuma kibebeo iliundwa laini kwa makusudi, ili ilike yenyewe na kuiokoa skrubu. Kubadilisha nati hiyo ni matengenezo yaliyokusudiwa tangu mwanzo, sawa na kubadilisha pedi za breki, wala si dalili ya kifo.

Wapo wanaosema mashine za Kiingereza na za Kimarekani hazifai kwa sababu zinahesabu kwa inchi. Wanasahau hesabu nzuri kuliko zote katika ufundi huu. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959. Zidisha mara 5, utapata 127, bila mabaki. Kwa hiyo gia moja yenye meno 127 ikiwekwa katika mlolongo wa gia, skrubu kuu yenye hesi 8 kwa inchi, kama ile ya Myford ML7 au ya South Bend ya inchi 9, hukata hesi za milimita bila kukosea. Gia moja tu, na mashine iliyozaliwa katika enzi ya inchi inatengeneza bolti za lori la leo.

Umeme nao hutajwa kama kikwazo. Mashine nyingi za viwandani zina mota ya njia tatu, na nyumba nyingi zina umeme wa njia moja. Zamani hapo palikuwa mwisho wa safari. Leo kuna kifaa cha kielektroniki kinachopokea umeme wa njia moja na kutoa wa njia tatu, kikimpa mwenye mashine hata uwezo wa kubadilisha mwendo kwa kuzungusha kitufe. Mota nyingi za zamani zinaweza kuunganishwa upya ndani ili zikubali volti inayotolewa na kifaa hicho, na kazi hiyo ni ya fundi umeme anayejua miunganisho ya nyota na pembetatu, si ya kubahatisha.

Kwa upande wa usalama, wapinzani wanasema kweli, na wanaostahili kusikia zaidi ni wakarabati wenyewe. Mashine nyingi za zamani ziliuzwa na mikanda iliyo wazi, gia zisizofunikwa na swichi ya kawaida ya ukutani. Katika miji ambayo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, swichi ya namna hiyo ni hatari kubwa: fundi ameingiza mkono kwenye taya, umeme unarudi, shafti inazunguka. Mashine inayokarabatiwa lazima ipewe swichi inayojizima umeme unapokatika na kubaki hivyo hadi mtu aibonyeze tena. Vifuniko vya gia na mikanda vitengenezwe kwa bati kabla ya kuwaza rangi. Rangi yenyewe ya zamani mara nyingi ina risasi ndani yake. Kuipiga msasa mkavu sebuleni au uani wanakocheza watoto ni kuwapa sumu. Iloweshwe, ikwanguliwe, na uchafu wake ukusanywe.

Na kwa kuwa rangi imetajwa, wapo wakarabati wanaoiharibia shughuli hii jina. Huinunua mashine, huipaka rangi ya kijani inayong'aa, husugua magurudumu mpaka yawe kama vioo, huipiga picha na kuiuza kwa bei mara tatu bila kuipima hata mara moja. Wengine hupitisha mashine ya kusagia ya mkono juu ya reli ili kuondoa kutu, na katika dakika kumi huharibu kile ambacho miaka 60 ya kazi haikuweza kukiharibu. Hao hawakarabati chochote. Kukarabati huanza na geji na daftari, na rangi huja mwisho, ikija. Mwenye kununua mashine iliyopakwa rangi mpya ana haki ya kuuliza vipimo vyake, na asipoonyeshwa aondoke.

Kutu yenyewe haiogopeshi kama inavyoonekana. Kuna njia iliyo salama kwa chuma na isiyohitaji tindikali kali. Sehemu yenye kutu hutumbukizwa katika maji yaliyotiwa magadi, hufungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya gari, na kipande cha chuma cha kawaida hufungwa kwenye waya chanya. Kutu hulegea na kusuguliwa kwa brashi, na chuma kizuri hakipotei. Kenya inachimba magadi hayo kwa maelfu ya tani kutoka Ziwa Magadi tangu mapema karne ya 20. Tahadhari zake ni mbili: kazi ifanyike penye hewa, kwa sababu haidrojeni hutoka majini na inaweza kuwaka, na kipande cha chanya kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, maana hicho hutia majini kromiamu yenye sumu.

Hoja inayobaki si ya kiufundi, na labda ndiyo inayowaumiza wengi kimyakimya. Inasemwa kwamba kukarabati mashine nyumbani ni starehe ya wastaafu wa Uingereza na Marekani, watu wenye gereji pana na pensheni, wanaounda vijitreni vya mvuke. Ni kweli kwamba desturi hiyo huko ina mizizi mirefu. Jarida la Model Engineer lilianzishwa London mwaka 1898, na Myford ML7, iliyoletwa sokoni baada tu ya Vita Kuu ya Pili, ilikusudiwa mtu mwenye kibanda nyuma ya nyumba: kimo cha senta juu ya kitanda inchi tatu na nusu, nafasi ya inchi 20 kati ya vichwa viwili, na uzito ambao watu wawili huweza kuubeba mashine ikiwa imetenganishwa. Lakini hata huko si wote walikuwa na pesa. Dave Gingery wa Missouri aliandika mfululizo wa vitabu vinavyomfundisha mtu kuyeyusha alumini chakavu kwa mkaa, kusubu sehemu za kerezo katika mchanga, kuzikwangua kwa mkono, kisha kulitumia kerezo hilo kuunda mashine zinazofuata. Aliwaandikia watu wasio na uwezo wa kununua mashine yoyote, mpya wala kuukuu.

Afrika Mashariki haihitaji kuiga starehe ya mtu ili ipate sababu. Kariobangi Light Industries jijini Nairobi, Katwe mjini Kampala na Gerezani Dar es Salaam ni mahali ambapo mashine kuukuu hufanya kazi kila siku na kuwalisha watu. Vibanda vingi vya huko havina tofauti kubwa na karakana ya nyumbani: mwenye mashine, mwanafunzi mmoja au wawili, taa, mlango wa bati. Tanzania ilifika mbali zaidi ya kutumia. Mkoani Kilimanjaro kulijengwa, kwa msaada wa Bulgaria, kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools cha kuunda mashine zenyewe. Nchi iliyowahi kuamua kuunda makerezo haiwezi kuambiwa kwamba kuyafufua ni utamaduni wa wageni.

Kinachotokea badala yake kinasikitisha. Shule za ufundi na karakana za taasisi hupiga mnada mashine zao kwa mkupuo, pamoja na viti vilivyovunjika na mabati ya zamani, na mnunuzi mwenye lori huzipata kwa bei ya uzito. Njaa ya soko la chuma chakavu ni kubwa kiasi kwamba Januari 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuisimamisha biashara hiyo yote kwa muda, baada ya nguzo za umeme wa msongo mkubwa kuharibiwa. Soko linalokula nguzo za umeme halitauliza kama kitanda cha kerezo kingali kimenyooka. Likishakipata hukivunja kwa nyundo, na saa zote za kusubu, kuranda na kukwangua zilizomo ndani yake hugeuka kilo.

Wapo wasiopaswa kukarabati, na ni vyema waambiwe wazi. Mwenye kazi za wateja zinazosubiri wiki hii na asiye na mashine nyingine anunue inayozunguka tayari. Ukarabati wa dhati huchukua miezi ya jioni na Jumamosi, na mteja hatasubiri. Mashine yenye ufa kwenye kitanda, au ambayo kichwa chake kimepasuka, au iliyoporwa gia zake zote na kibebeo chake, ina haki ya kwenda ikatoe vipuri kwa wenzake. Kitanda kilichogumishwa kwa moto hakikwanguliki kwa mkono. Kikilika kinahitaji mashine kubwa ya kusagia reli, na gharama yake yaweza kuzidi thamani ya kerezo zima. Kukataa baada ya kupima ni uamuzi wa fundi. Wanaolaumiwa hapa ni wale wanaokataa kabla ya kupima.

Muda wenyewe unaosemwa kupotea nao uhesabiwe sawasawa. Kijana anayelivua kerezo hadi kwenye kitanda anajifunza kwa nini shafti kuu inakaa mahali pake, kwa nini uso unaokatwa unaruhusiwa kutoka na bonde dogo katikati lakini hauruhusiwi kutoka na kitumbo, jinsi mafuta yanavyofika kwenye kila bushi, na sauti ya gia iliyobanwa mno. Aliyejifunza hayo ataitengeneza mashine yoyote atakayokutana nayo, pamoja na ya kompyuta, ambayo chini ya kioo chake ina reli, shafti na beringi zile zile. Vyuo vinavyouza makerezo ya zamani kwa uzito na kuwaonyesha wanafunzi picha za mashine mpya ubaoni vinauza kitabu cha kiada na kubakiza jalada.

Basi vyuo hivyo vifanye jambo moja kabla ya mnada unaofuata. Vichukue pimamaji, geji ya saa na maikromita, vitu ambavyo karibu kila stoo ya ufundi inavyo. Visawazishe mashine, vikate zile pete mbili, vipime kuyumba kwa shafti kuu, na matokeo yabandikwe kwenye mashine pamoja na namba ya mnada. Kazi hiyo haimalizi siku nzima kwa kila kerezo, na wanafunzi wa mwaka wa pili wanaiweza. Mwenye lori atanunua zilizopasuka. Zilizobaki zitapata wanunuzi wa aina nyingine, watakaokuja na majeki, minyororo na pikapu ya kukodi, wakiwa wameshajua ni reli ipi ya kuanza nayo.